Karani wa Wichita: Dennis Rader hakuwa na nyuso mbili

Mapema mwaka 2005, kwenye kurasa za matangazo madogo ya gazeti la Wichita Eagle, huko Kansas, kulitokea tangazo la maneno machache: "Rex, itakuwa sawa." Waliolipeleka ni polisi. Aliyelisubiri alikuwa ameshaua watu kumi, na swali aliloulizia jibu hilo lilikuwa la kiofisi kabisa: nikiwatumia ujumbe kwenye flopi badala ya karatasi, mtaweza kunifuatilia? Semeni kweli. Swali lenyewe aliliweka ndani ya boksi la nafaka za kifungua kinywa, akalitupia nyuma ya pikapu iliyoegeshwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye pikapu akaona ni uchafu, akautupa. Ilibidi boksi likaokolewe kwenye takataka baada ya muuaji mwenyewe kuulizia mbona hajibiwi.

Akajibiwa, akaamini. Tarehe 16 Februari flopi ya rangi ya zambarau ikafika kwenye kituo kimoja cha televisheni mjini. Waliowahi kuchapisha barua kwenye maduka ya stesheneri miaka ya tisini wanaikumbuka flopi: kile kidude bapa cha plastiki chenye kibati cha kuteleza, ambacho ukikisahau juani kazi yako yote imekwenda. Walichokuwa hawakijui wengi, Rader akiwamo, ni kwamba flopi haisahau upesi. Faili iliyofutwa ilikuwa bado imeacha nyayo zake: kompyuta iliyotumika ilisajiliwa kwa jina la Christ Lutheran Church, na mtu wa mwisho kuigusa aliitwa Dennis. Mpelelezi akaandika jina la kanisa kwenye intaneti. Tovuti ikafunguka, na pale ikaorodheshwa safu ya uongozi. Mwenyekiti wa baraza: Dennis Rader.

Miaka 31 ya upelelezi ikaishia kwenye utafutaji wa dakika chache.

Tangu siku ile, habari ya Rader husimuliwa kwa njia moja. Mchana alikuwa baba wa watoto wawili, mume wa mke mmoja kwa zaidi ya miaka 30, kiongozi wa skauti wadogo, mzee wa kanisa. Usiku, mnyama. Nyuso mbili. Mwana-kondoo na fisi ndani ya ngozi moja. Msomaji wa KKKT anayejua uzito wa kuchaguliwa baraza la wazee la usharika ataelewa kwa nini Wichita ilipigwa na butwaa, na kwa nini wazo la nyuso mbili lilipokewa upesi: linampa kila aliyemfahamu ahueni. Mimi niliyeketi naye kwenye kikao cha bajeti nilikaa na ule uso mwingine, ule mzuri.

Silikubali wazo hilo. Nimeifuatilia kesi hii kwa miaka, na kila ninapoirudia namwona mtu mmoja tu, tena wa aina ninayoikuta kwenye ofisi nyingi: karani. Mtu wa mafaili, fomu, taratibu na vijimamlaka. Ukarani haukuwa kifuniko cha uuaji. Aliua kikarani, akajisifu kikarani, akakamatwa kikarani.

Kwanza nimweke mahali pake. Alizaliwa Machi 1945, mtoto wa kwanza kati ya wavulana wanne, akakulia Wichita. Baba alifanya kazi kwenye mitambo ya umeme, mama dukani. Akatumikia jeshi la anga miaka minne, akarudi, akaoa mwaka 1971. Tarehe 15 Januari 1974, akiwa na miaka 28, aliingia kwenye nyumba ya familia moja asubuhi, akamuua baba, mama, binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 9. Waliowakuta ni ndugu zao wakubwa waliporudi kutoka shule. Aprili mwaka huohuo akamuua msichana wa miaka 21. Kaka yake, aliyepigwa risasi mara mbili, alinusurika. Wanawake wawili mwaka 1977. Kisha 1985, 1986, na wa mwisho Januari 1991, mama wa miaka 62. Jumla kumi. Majina yao siyaandiki hapa, kwa kuwa ndugu zao wapo na wamekwisha kuchoka. Na lile jina la herufi tatu ambalo dunia inamwitia Rader, BTK (kifupi cha Kiingereza cha "funga, tesa, ua"), nalitaja mara hii moja tu, kwa sababu moja: alijipachika mwenyewe.

Hapo ndipo pa kuanzia, kwenye jina.

Oktoba 1974, miezi tisa baada ya kuiteketeza ile familia, watu watatu waliokuwa mikononi mwa polisi walianza kutajwa kuhusika. Mtu mwenye akili ya kujiokoa angeshukuru Mungu akanyamaza. Rader alikasirika. Wengine wanachukuaje sifa ya kazi yangu? Akaandika barua, akaificha ndani ya kitabu cha uhandisi kwenye maktaba ya umma ya Wichita, akapiga simu gazetini kuelekeza ilipo. Ndani aliieleza nyumba chumba kwa chumba, kila mwili ulivyolala na kila fundo la kamba. Ilikuwa taarifa ya ukaguzi, ila imejaa makosa ya tahajia hata baadhi ya wachunguzi wakadhani anajifanya hajui kuandika. Hakuwa anajifanya. Ndivyo alivyoandika siku zote.

Mwanzoni mwa 1978 alilipelekea gazeti shairi kwenye kadi. Wapokeaji wakadhani ni salamu ya siku ya wapendanao, wakaipeleka kitengo cha matangazo madogo, ikalala huko. Fikiria aibu hiyo kwa mtu wa aina yake. Siku chache baadaye, Februari, kituo cha televisheni cha KAKE kikapokea barua yenye malalamiko ambayo ukiondoa damu ungedhani ni ya mteja aliyecheleweshewa huduma: niue wangapi ndipo nipate jina gazetini, au nitambuliwe kitaifa? Watu saba wamekwenda, aliandika, na bado hamjanipa jina. Akaambatanisha orodha ya majina ya kuchaguliwa. Muuaji aliyeleta mapendekezo ya vichwa vya habari vyake mwenyewe! Mkuu wa polisi alilazimika kutoka hadharani kuwaambia wananchi kwamba mjini kuna muuaji wa mfululizo na hawajui ni nani.

Wichita ikabadilika. Rader alikuwa na kawaida ya kukata waya wa simu kabla ya kuingia, kwa hiyo wanawake wakajifunza tabia mpya: ukifika nyumbani, kabla ya kuvua viatu, unainua mkonga wa simu usikie kama unalia. Usiposikia mlio, unatoka mbio. Ving'ora vya wezi vikanunuliwa sana. Na tangu mwishoni mwa 1974 Rader alikuwa ameajiriwa na kampuni ya kufunga ving'ora hivyohivyo. Aliingia nyumba za watu kwa mlango wa mbele, na fomu ya kazi mkononi, akiombwa awalinde watu dhidi yake mwenyewe. Jioni alisoma chuo kikuu cha pale pale Wichita, akahitimu mwaka 1979. Shahada yake: usimamizi wa haki.

Sasa niuguse utoto kidogo, maana wasomaji wa habari hizi huwa wanaudai. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba tangu mdogo alivutwa na kamba na kufungwa, kwamba alitesa paka, kwamba aliwaona babu na bibi wakichinja kuku akasisimka. Labda. Lakini wadogo zake watatu walikulia nyumba hiyohiyo na hakuna aliyeua mtu. Na kuku! Nusu ya Afrika Mashariki tumeshikishwa miguu ya kuku sikukuu huku mjomba akinoa kisu, tukafuta damu kidoleni tukaenda kucheza. Ukimsikiliza Rader akisimulia utoto wake unahisi anasoma fomu ambayo maswali yake ameyakuta tayari vitabuni: wanyama, weka tiki, kamba, weka tiki. Kwenye barua ya 1978 aliwaorodhesha wauaji mashuhuri waliomtangulia na kujihesabu miongoni mwao. Alikuwa mwanafunzi wa somo lake mwenyewe. Hata moja ya mashairi yake ni wimbo wa kale wa mauti wa huko kwao, umebadilishwa maneno tu. Anayetafuta fikra asilia kwa Rader atatafuta sana.

Wanasaikolojia nao wamepata tabu naye. Kipimo cha Robert Hare, kinachotumika sana kupima ukosefu wa utu, kina vipengele 20, na kwa Marekani anayefikia pointi 30 kati ya 40 ndiye huhesabiwa yumo. Lakini soma vipengele vyenyewe uone: ndoa nyingi fupifupi, kuishi kwa kunyonya wengine, kutenda bila kufikiri, uhalifu tangu ujana, kutowajibika. Rader alikuwa na ndoa moja, alilipa bili, alikaa kazini miaka na miaka, na kabla ya kuua alifanya maandalizi ya wiki nyingi. Alichokuwa nacho kwa wingi ni vile vipengele viwili vitatu vya juu: kujiona mkubwa, udanganyifu, na moyo usiosikia mwenzake anapolia. Waliomchunguza walizungumzia zaidi kujipenda kupita kiasi na ile hali ya kung'ang'ania mpangilio hadi mpangilio uwe maradhi. Hiyo ya mwisho ndiyo huwa tunaipita haraka, na mimi nadhani ndiyo ufunguo.

Chukua usiku wa Aprili 1985, usiku unaotumiwa sana kuthibitisha nyuso mbili. Rader alikuwa kambini na skauti wadogo. Akaaga kwamba kichwa kinamuuma. Akaendesha gari hadi ukumbi wa mchezo wa boulingi, akajimwagia pombe kidogo anuke kama mlevi, akaita teksi ili dereva awe shahidi wa mlevi anayerudishwa nyumbani. Akashuka mtaani kwake, Park City, kitongoji cha Wichita. Akaingia nyumba ya mama wa miaka 53 aliyeishi mtaa huohuo, nyumba chache tu kutoka kwake, mtu waliyepungiana mikono asubuhi. Waswahili tuna msemo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi hili lilimjua vizuri. Alipokwisha kumnyonga aliupeleka mwili kanisani kwake, usiku, akaufunga kamba na kuupiga picha, kisha akautupa kando ya barabara nje ya mji. Kabla kambi haijaamka alikuwa amerudi.

Sema mwenyewe: wapi katika usiku huo uso mmoja uliondoka na mwingine ukaingia? Kambi ilikuwa kisingizio. Kanisa lilikuwa studio, kwa kuwa yeye ndiye mwenye ufunguo, na ufunguo huo alipewa kwa sababu ya sifa yake njema. Mzee wa kanisa na muuaji walitumia ufunguo mmoja, ratiba moja na jina moja.

Na hapa nataka nigombane kidogo na desturi yetu wenyewe, maana kila ninapoisimulia kesi hii kijiweni, jibu la kwanza huwa: huyo kapagawa, ana pepo. Ni jibu hilohilo alilolitoa Rader. Kwenye barua yake ya kwanza, 1974, aliandika kwamba kuna zimwi linaloingia akilini mwake, hajui liliingia lini, ila limekuja kukaa. Baadaye akaliita "Kisababishi X", kama mhasibu anayeweka kiasi kisichojulikana kwenye safu ya matumizi. Lakini zimwi haliagi kambini kwa kisingizio cha kichwa. Zimwi haliiti teksi. Mwenye pepo huanguka sokoni mchana kweupe. Hangoji wiki tatu akisoma ratiba ya mwanamke anayerudi kazini. Mwaka 1979 Rader alimvizia mama mmoja ndani ya nyumba yake, akangoja sana, mama akachelewa kurudi. Rader akaona muda aliojipangia umekwisha, akaondoka zake. Pepo gani huyu anayetazama saa?

Miaka mingi baadaye, akizungumza gerezani na mwanasaikolojia Katherine Ramsland, ambaye kitabu chake kilitoka 2016, Rader alijieleza kwa mfano mwingine: maisha yake ni kama mchemraba, unaonyesha upande unaotakiwa na kuficha pande nyingine. Alidhani amefumbua fumbo. Lakini mchemraba, ugeuze utakavyo, ni mmoja.

Ushahidi mkubwa wa hoja yangu hauko kwenye barua wala kwa wanasaikolojia. Uko mahakamani, tarehe 27 Juni 2005. Rader alikiri makosa yote kumi, na Jaji Gregory Waller akamtaka aeleze, tukio kwa tukio, alichokifanya. Televisheni zilirusha moja kwa moja. Iangalie kumbukumbu hiyo na sauti ukiwa umeizima kwanza. Utaona mzee wa makamo mwenye upara na miwani, suti nadhifu, anazungumza kama anayewasilisha taarifa ya robo mwaka. Sasa fungulia sauti.

Watu aliowaua anawaita "miradi." Kuzunguka mitaani kutafuta mhanga ni "hatua ya kuvizia," na kuna mahali anamwelimisha jaji kwamba, ukisoma habari za wauaji wa mfululizo, utaona huwa wanapitia hatua mbalimbali. Anamfundisha jaji! Begi lake la kamba na silaha lina jina maalumu. Anapofika kwa ile familia ya kwanza, anasema aliona hakujiziba uso, wamekwisha kumwona, basi akaamua awamalize. Na neno alilolitumia kwa Kiingereza ni lile ambalo Mmarekani hulitumia anapompeleka mbwa mgonjwa kwa daktari wa mifugo akadungwe sindano ya mwisho. Kumbuka neno hilo, nitalirudia.

Halafu zinakuja zile sehemu ambazo mimi huwa nasimamisha video nikatoka nje kidogo. Baba wa familia ile alikuwa na mbavu zilizoumia kwenye ajali ya gari, hivyo Rader, kabla ya kumuua, alimwekea kitu cha kulalia. Mama mwingine, mwaka 1977, alitapika kwa hofu, Rader akampa maji ya kunywa na kumtuliza kidogo. Kisha akamuua, watoto wake wakiwa wamefungiwa bafuni wakipiga kelele. Rader anayasimulia hayo kama mtu anayetaka yaingie kwenye kumbukumbu za kikao: nilimhudumia, nilimpa maji. Haoni kinachokosekana. Anadhani ukarimu ni hatua ya utaratibu, unaitimiza, unaenda hatua inayofuata. Huyo ndiye mzee wa kanisa aliyesimamia ratiba za usharika. Ni huyohuyo. Wema wake wote, pengine, ulikuwa wa namna hii: uliotekelezwa sawasawa, bila mtu ndani yake.

Sasa lile neno la mbwa. Mwaka huohuo wa mauaji ya mwisho, 1991, Park City ilimwajiri Rader kuwa afisa wa kusimamia sheria ndogo na kukamata mbwa wazururaji. Tungesema mgambo wa mji, ila mgambo mmoja mwenye gari, sare na kitabu cha faini. Majirani walisimulia kwamba alipima urefu wa majani ya uwanjani kwa rula, na wapo waliolalamika kwamba mbwa wao waliuawa bila sababu. Na kuanzia hapo, kwa miaka 14 mpaka kukamatwa, hakuua mtu.

Hili limewasumbua wengi, kwa sababu imani iliyozoeleka ni kwamba muuaji wa namna hii hawezi kuacha. Ataendelea hadi afe au afungwe. Mwaka 2005 FBI iliwakutanisha wataalamu San Antonio, na ripoti iliyotoka baadaye ilimtaja Rader kama mfano wa kupinga imani hiyo: waliacha wengine pia, wakapata vitu vya kujazia pengo. Kwa Rader, ripoti inataja tendo la kujiridhisha peke yake kwa picha na kamba. Mimi naongeza sare. Sina kipimo cha maabara, ila naijua sura ya mtu aliyepewa kijimamlaka. Miaka 17 aliingia nyumba za watu kwa kuvunja. Sasa mji ulimruhusu asimame getini, aogopwe, aandike faini, aamue mbwa gani aishi. Kilichokuwa kikimlazimu avizie usiku alikipata mchana, na mshahara juu.

Kilichomrudisha si kiu ya damu. Ni gazeti. Januari 2004 Wichita Eagle lilichapa makala ya kutimia miaka 30 tangu mauaji ya familia ile, na ikatajwa kwamba mwanasheria mmoja wa mjini anaandika kitabu kuhusu kesi hiyo. Makala iligusia kwamba vijana wengi hawajui hata habari yenyewe. Tena! Wengine wanaandika kuhusu kazi yangu, tena bila kuniuliza. Machi, bahasha ikaingia gazetini ikiwa na nakala ya leseni ya udereva na picha za mwanamke aliyeuawa 1986, mauaji ambayo polisi hawakuwa wameyahusisha naye. Kwa miaka 18, aliyenyooshewa vidole alikuwa mume wa marehemu. Alilea watoto wawili katika mji uliokuwa ukimwangalia kwa jicho la pembeni, na aliyemsafisha ni muuaji mwenyewe, bila kukusudia, kwa sababu hakuvumilia kesi yake isihesabiwe kwenye jumla.

Kuanzia hapo vifurushi vikafuatana kwa karibu mwaka mzima: wanasesere waliofungwa kamba, sura za kitabu alichokuwa akijiandikia, maswali ya chemshabongo. Luteni Ken Landwehr, aliyeongoza kikosi, alifanya jambo la busara kuliko yote katika kesi hii: alimheshimu. Alitokea mbele ya kamera, yeye yuleyule kila mara, akisema kwa sauti ya upole kwamba barua zimepokelewa na zina umuhimu. Karani akaona amepata karani mwenzake. Ndipo alipothubutu kuuliza habari za flopi, na ndipo kitengo kilekile cha matangazo madogo, kilichoipuuza kadi yake mwaka 1978, kikamjibu.

Baada ya flopi polisi walihitaji uhakika wa vinasaba. Wakaenda mahakamani wakapata amri ya kuchukua sampuli ya kitabibu ya binti yake, iliyokuwa imehifadhiwa kwenye zahanati ya chuo alichosoma. Binti hakuambiwa. Sampuli ikaonyesha kwamba mtoto huyu ni mtoto wa mwuaji. Kuna jambo la kuumiza humo, kwamba mwili wa binti ulimsaliti baba bila ridhaa yake, na natambua kwamba wapo wanasheria wanaokunja uso hadi leo. Tarehe 25 Februari, Rader akirudi nyumbani kula chakula cha mchana kama ilivyo ratiba yake, alisimamishwa karibu na kwake.

Kwenye chumba cha mahojiano alikwepa kwa saa chache, akakiri, kisha akazungumza kwa zaidi ya saa 30. Lakini kuna kitu kimoja kilimkera kuliko kukamatwa. Alimwuliza Landwehr, kwa uchungu wa kweli: mbona ulinidanganya? Landwehr akamjibu kwamba ni kwa sababu alikuwa anajaribu kumkamata. Nimesikia watu wakicheka wanapolisimulia hili. Kwa Rader haikuwa mzaha. Yeye aliuliza swali rasmi, akapewa jibu rasmi, lililochapwa gazetini. Utaratibu ulivunjwa.

Agosti 2005 alihukumiwa vifungo kumi vya maisha, mfululizo, visivyopungua miaka 175. Adhabu ya kifo haikuwapo Kansas katika miaka aliyoua. Kabla ya hukumu alipewa nafasi ya kuzungumza, akaitumia kwa muda mrefu, akisahihisha maelezo madogo ya polisi, akieleza anavyofanana na waliokufa, huyu alikuwa jeshi la anga kama mimi, akishukuru mawakili wake. Ndugu wa marehemu wengi walishatoka nje. Nyumba yake baadaye ilinunuliwa na mji, ikabomolewa.

Na nyaraka zake za mauaji, polisi walizipata wapi? Walipekua nyumbani kwake, walipekua kanisani. Hazina yenyewe ilikuwa ofisini, kwenye jengo la halmashauri ya Park City, droo ya chini ya kabati lake la mafaili: barua halisi, picha, michoro, vitu vya marehemu, kumbukumbu za miaka 30 zimepangwa kwenye majalada. Aliwaambia wapelelezi kwamba alikuwa na mpango wa kuyahamishia yote kwenye kompyuta, yakae vizuri zaidi, ila kazi zilimzidi.